Washenga Wawili wa Papa Kapya

Wanaume wawili walioingia kwa Papa Kapya Alhamisi ile, kule mtaa wa Annexe, walikuwa na adabu mno, na hapo ndipo mzee alipopotea. Walipiga hodi wakangoja nje. Walipopewa viti hawakusema wametumwa na nani. Waliuliza habari za mvua, wakauliza habari za mahindi, halafu kidogo kidogo wakafika kwa Gracia, binti yake. Ni mtu wa namna gani? Anatembea na akina nani?

Sasa niambieni, baba mwenye binti wa miaka thelathini na mmoja ambaye hajaolewa angefikiria nini? Kwetu mshenga haji moja kwa moja. Anazunguka, anauliza tabia za binti kama mtu asiye na haja. Kapya aliingoja hodi hiyo miaka na miaka. Marehemu mke wake angewauliza palepale, "Ninyi wa ukoo gani?" Lakini mke yuko makaburini, na mzee hakuwa na mtu wa kumkanyaga mguu anyamaze.

Gracia alikuwa msaidizi wa profesa chuo kikuu. Miaka mitano alichunguza yale maua madogo yanayoota kwenye udongo wenye shaba, pale mahindi yanapokataa. Chuo kimoja cha Ubelgiji kilimlipia masomo, na baada ya majuma matatu angepanda ndege kwenda kutetea utafiti wake mbele ya maprofesa, arudi daktari. Mtaa mzima ulijua. Ambacho mtaa haukujua ni kwamba wakubwa wa usalama walikuwa wameanza kuwaogopa wasomi wanaolipiwa na wageni, hasa wale wanaogusa udongo wa madini.

"Mutoto yangu?" Kapya alisema, akikaa vizuri. "Bazungu kule hawawezi kufanya kitu bila yeye. Kila siku banamupigia simu: enda huku, enda kule."

Uongo mtupu. Profesa wa Ubelgiji alipiga mara moja kwa mwezi, tena mtandao ukikubali.

"Na vitu anabatumia?" aliuliza mmoja wao, aliyefungua daftari, aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Symphorien.

"Kila juma! Ukiona ndege inapanda pale Luano, ujue mizigo yake iko ndani."

Miaka mitano Gracia alituma katoni moja ya majani makavu, yenye kibali na mihuri yote.

"Na mahali maua yanaota, anapajua?"

"Pote, toka hapa mpaka Kolwezi. Ameandika yote kwenye karte, ramani yake mwenyewe. Na ni mimi nilimufundisha: penye ua lile, chini kuna shaba."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alimfundisha akiwa amembeba mabegani, kama babu yake mwenyewe, myeyushaji wa shaba, alivyomfundisha yeye. Symphorien aliandika mpaka akageuza ukurasa. Watu makini hawa, mzee akawaza, wanaandika sifa za binti wasije wakazisahau njiani. Ah, Kapya, mbona hukuuliza! Aliwasindikiza hadi barabarani, akawapa na kuku jike wampelekee aliyewatuma. Wakampokea.

Gracia hakuambiwa neno. Mzee alitaka washenga warudi kwanza, amshtukize kwa furaha.

Siku ya safari shangazi zake walimwimbia hadi mlangoni mwa uwanja wa Luano. Kapya alivaa suti yake ya harusi za watu. Binti akaingia na sanduku. Baada ya saa nzima akatoka na sanduku lilelile, bila paspoti. Walisimama wote penye uzio, ndege ikapaa.

Juma lililofuata Gracia aliitwa ofisini kwa watu wa usalama. Aliporudi alikaa kwenye benchi mbele ya baba yake, mikono mapajani.

"Baba, kuna bantu walikuja hapa kuniulizia?"

"Washenga," Kapya akasema.

Gracia akamrudishia yale aliyosomewa, polepole. Simu za kila siku. Mizigo ya kila juma. Karte mpaka Kolwezi. Mzee aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtoto wake.

"Nilitaka bakuone wa maana," alisema.

"Nilikuwa wa maana, Baba."

Hakusema kwa hasira. Heri angemtukana.

Kesho yake Kapya alivaa tena ile suti akaenda ofisini. Symphorien alimpa kiti, akamwita Papa, akamsikiliza hadi mwisho. Mzee aliungama yote: simu uongo, mizigo uongo, karte uongo, alikuwa anatafuta tu kumwoza binti yake.

"Papa," Symphorien akamwambia kwa upole, "ulidanganya ili apate mume. Utashindwa kudanganya ili apate paspoti?"

Kapya akainuka, akafunga kifungo cha suti. Symphorien akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, na akamshukuru kwa kuku.

Alirudi kwa miguu kupitia Naviundu, njia ndefu, ili asifike haraka. Siku ya Gracia ya kutetea kazi yake ilikuwa imepita tangu Jumatatu, na kabati la maua yake chuoni lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya serikali. Alimkuta Gracia amesonga bukari, ugali wa jioni. Binti alileta beseni na kikombe cha maji, akapiga goti kama mama yake alivyomlea, akamwagia baba yake maji mikononi.

"Wamesema nini, Baba?"

Maji yalikwisha kwenye kikombe, na Kapya bado ameinyoosha mikono.

"Kula," Gracia akasema, akimfutia vidole kimoja kimoja. "Bukari inapoa."