Tonge Mkononi mwa Baba

Tangu alipoingia uani, Elyor hakutulia hata kidogo. Alikaa, akainuka. Akalisogeza buli la chai, akalirudisha pale pale. Akatazama saa, na kabla mshale haujajongea akaitazama tena. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachungulia juu ya mapaa ya mji wa Margilon, na tayari meza ndefu zilizopangwa chini ya mizabibu zilikuwa zimejaa wanaume waliotoka msikitini moja kwa moja kuja kula osh, pilau ya arusi ya mdogo wake, Ozod. Sahani moja ya pilau kwa watu wawili, chai ya kijani, dua, kisha hao wanaondoka ili wengine wakae. Hakuna aliyekuja kupiga soga. Watu walikuja kula, tena walikula kwelikweli.

Yeye peke yake ndiye aliyekaa na mikono mapajani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo.

Na kweli alikuwa amekatazwa. "Nusu saa," kocha Miodrag alimwambia kwenye lango la kambi. "Wakuone, umpe mdogo wako mkono, urudi. Usiguse sahani, usiguse kijiko. Saa sita unapanda mizani. Ukizidi, unakaa benchi. Na ukikaa benchi leo, mimi na wewe hatuna tena la kuzungumza kuhusu mkataba."

Mserbia yule hakuwa mtu wa kubembeleza. Mechi ya jioni ile ilikuwa ya mwisho wa msimu, na mkataba wa Elyor na klabu ya soka ya Chinor ulikuwa unakwisha nayo. Alikuwa na miaka thelathini. Hakuna klabu nyingine iliyokuwa imeulizia habari zake, hata zile ndogo za huko milimani ambazo huulizia kila mtu.

Sababu ilijulikana mji mzima, kwa kuwa ilikuwa imebandikwa ukutani. Karibu na lango la uwanja palikuwa na kibanda chenye picha yake ya ujana, amenyanyua kidole gumba, na juu yake maandishi mekundu: LAVASH YA ELYOR. Mwenye kibanda alikuwa rafiki yake wa shule. Alimwomba sura tu, na malipo yakawa kwamba Elyor atakula bure maisha yake yote. Basi akala. Lavash ni mkate mwembamba uliofungiwa nyama, chipsi na mayonezi inayochuruzika mpaka kwenye kiwiko, na Elyor aliila baada ya mazoezi, akaila baada ya mechi, akaila amejifungia ndani ya gari na vioo amevipandisha. Enzi hizo alikuwa winga ambaye mabeki waliishia kuuona mgongo wake tu. Wa Tashkent, mji mkuu, wakamnunua, wakamvumilia msimu mmoja, wakamrudisha akiwa na tumbo la mwenye duka na msuli wa paja uliokwisha kuchanika mara mbili. Aliporudi nyumbani, watu wale wale waliokuwa wakiliimba jina lake wakaanza kumrushia vipakiti vya mayonezi kutoka jukwaani. "Kimbia, Lavash! Kibanda kinafungwa!" Hata watoto wadogo, waliobebwa mabegani na baba zao, walifundishwa kulisema hilo. Ovyo kabisa.

Tangu majira ya baridi alikuwa hajaonja kitu hicho. Kuku wa kuchemsha, tango, na grechka, ile nafaka ya kahawia wanayopikiwa kambini bila mafuta wala chumvi. Kasi ilikuwa imeanza kurudi, si yote, ila ya kutosha kumfanya beki atokwe jasho. Lakini njaa ilimfanya mtu wa visirani. Alikuwa anaweza kunusa kitunguu kinachokaangwa mtaa wa tatu na kukasirika.

"Mbona umekaa kama bibi arusi?" Mjomba wake Qobil alijitupa kwenye kiti cha mbele yake, mdomo uking'aa mafuta. "Kula, bwana!"

"Nimekatazwa, mjomba."

"Na nani?"

"Kocha."

"Kwani huyo kocha hana mama? Nani anakwenda kwenye osh ya arusi halafu hali?"

"Mserbia huyo."

"Aaa." Qobil akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba ametajiwa ugonjwa. "Pole yake. Basi nikulie fungu lako?"

"Kula tu."

"Nakula kwa niaba ya timu," mjomba akasema, akaivuta sahani.

Harufu ndiyo ilikuwa inamuua. Mafuta ya mkia wa kondoo, karoti za njano zilizolainika, vitunguu saumu vizima vizima juu ya ule mchele mwekundu wa bondeni. Elyor aliugeuza uso, akakutana na moshi wa jikoni, na ndani ya moshi akamwona baba yake.

Mzee Hoshim alikuwa mpishi wa osh. Nusu ya mtaa ule walioana kwa sufuria lake. Hakukubali mpishi mwingine aipikie arusi ya mwanawe. Alikuwa amevaa joho jipya juu ya nguo za kazi, macho mekundu kwa moshi, na uso wa mtu anayejua kwamba hakuna sahani itakayorudi na punje. Tangu kuku wa kuchemsha aingie nyumbani kwake ndani ya kikopo cha plastiki, mzee huyu hakuwa akikaa meza moja na Elyor. Alikuwa akitoka kwenda uani, akajifanya anachochea moto ambao haupo. Mara moja tu ndipo alipofungua mdomo.

"Sufuria langu halikukuharibu," alisema siku hiyo. "Kilichokuharibu umekila barabarani, kwa kujificha, kwa watu wasiolijua hata jina la mama yako."

Na ilikuwa kweli.

Sasa akatazama saa. Muda wake ulikuwa umebaki kidogo sana. Akainuka, akaweka mkono kifuani kuwaaga wazee wa meza ile, na alikuwa ameshapiga hatua kuelekea lango aliposikia sauti ya baba yake ikipaa juu ya kelele za vijiko.

"Wanangu waje hapa!"

Elyor akasimama pale pale. Alikuwa ameifikiria sahani, akaufikiria na ujanja wa kuondoka bila kuonekana mjeuri, lakini tonge la mkono lilikuwa limemtoka kabisa akilini. Na kocha naye, aliyeorodhesha mpaka vijiko, angelijuaje? Kwao mtu wa kuheshimiwa haachiwi ale mwenyewe tu. Mkubwa huchota osh kwa vidole, akaiminya ikashikana, akainyanyua mpaka kwenye mdomo wa yule anayempenda, mbele za watu. Huwezi kusema umeshiba. Anayekataa anakuwa amekataa mkono wenyewe.

Ozod alilishwa wa kwanza, kofia mpya kichwani, mashavu yakavimba, watu wakashangilia. Kisha Mzee Hoshim akachota tena. Akachagua nyama, akachagua kipande cha mafuta, akaongeza na karoti. Aliliminya tonge taratibu. Mkono ukapanda mpaka mbele ya uso wa Elyor.

Uani vijiko vikawekwa chini.

Tonge moja lisingesogeza mizani, Elyor alilijua hilo vizuri. Hakuliogopa tonge. Alijiogopa mwenyewe baada ya tonge. Alimfahamu vizuri yule mtu wa ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa: mtu yule hakuwahi katika maisha yake kula kimoja. Angelimeza hili, angekaa chini, angeivuta sahani ya mjomba, na saa sita angekuwa bado yuko pale pale anakomba.

"Baba," akasema. Akaweka mkono kifuani. "Nisamehe. Leo siwezi."

Mkono haukushuka. Mafuta yalimtiririka mzee kwenye kifundo, yakaingia ndani ya mkono wa joho jipya.

"Lavash ulikuwa hukatai," Mzee Hoshim akasema polepole, kwa sauti ya kusikiwa na wao wawili tu. "Tonge langu ndilo lenye sumu?"

"Baba, sivyo..."

"Mimi! Nipe mimi, shemeji!" Mjomba Qobil alijipenyeza katikati, akapiga goti chini ya ule mkono, akaachama kama kifaranga. "Mimi sina kocha!"

Watu wakaangua kicheko, kile cha kufunika aibu. Mzee akamtilia shemeji yake tonge mdomoni, akafuta vidole kwa kitambaa, akarudi kwenye moto. Hakugeuka. Elyor alitoka akikimbia, na alikimbia njia nzima mpaka kambini ingawa gari lilikuwa linamngoja.

Saa sita alipanda mizani. Kocha akasoma, akasoma tena, akasema, "Unaanza."

Jioni alicheza kama mtu anayefukuzwa. Kila alipopata mpira aliukokota mpaka kwenye kona, akarudi, akauomba tena. Pakiti ya mayonezi ilimpasukia begani mapema, akaendelea kukimbia na doa lake. Mabeki wa wageni walibadilishana kumkaba. Bao la ushindi lilitoka kwenye krosi yake, dakika za majeruhi, wakati ambao msimu uliopita angekuwa ameshatolewa zamani na barafu gotini. Jukwaani mtu mmoja akaliita jina lake, jina lenyewe, kisha wengine wakaitikia. Alingoja furaha imjie. Ilichelewa.

"Jumatatu njoo ofisini," Miodrag akamwambia mlangoni. "Njoo na kalamu yako, za hapa hazitoki wino."

Alifika ukumbi wa arusi nywele zikiwa bado mbichi. Mzee Hoshim alisimama mlangoni akipokea wageni. Alipomwona mwanawe aliinama kidogo, mkono kifuani, akasema kwa adabu zote, "Karibu sana. Asante kwa kuja." Ndivyo alivyokuwa amemwambia mtu aliyemtangulia, ambaye alikuwa dereva wa wapiga zumari. Elyor akaingia. Alicheza alipotakiwa kucheza, akapiga makofi, akanywa maji. Watu walimpongeza kwa krosi na kila pongezi ilimchoma. Usiku ule aliona afadhali angetukanwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anazunguka uani peke yake, akiokota vitambaa vya meza visivyohitaji kuokotwa, aliposikia, "Njoo hapa."

Baba yake alikuwa amekaa kando ya lile sufuria kubwa la kupikia mamia ya watu. Chini yake kulikuwa na moto mdogo. Elyor alichungulia. Ndani kabisa, kwenye kitako cheusi, kulikuwa na kijirundo cha kahawia kisichojaza hata bakuli.

"Nimemuuliza yule mpishi wenu wa kambini," Mzee Hoshim akasema. "Nikadhani ananificha siri. Mafuta, hakuna. Kitunguu, hakuna. Chumvi, hakuna. Nikamwambia wewe bwana, hiki unampikia mchezaji au farasi? Nimeonja. Mfungwa angegoma."

"Nimekizoea, baba."

"Jana ulikimbia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Qobil kaniambia. Nilidhani anatia chumvi." Mzee akatazama moto. "Uliponikatalia, nilitamani ardhi ipasuke. Sikufichi, nakwambia."

"Hata mimi."

"Hm. Keti."

Elyor akaketi. Baba yake akaingiza mkono ndani ya sufuria, akachota, akaminya kama alivyominya maisha yake yote. Alipounyanyua mkono, grechka ilimmwagika katikati ya vidole, ikaanguka majivuni. Akachota tena, akaminya kwa nguvu zaidi. Ikamwagika tena.

"Haishikani!" akafoka. "Chakula gani hiki hakishikani?"

"Haina mafuta, baba."

"Miaka yote hii sijawahi kuona upuuzi kama huu."

Akachota mara ya tatu. Safari hii aliukunja mkono kama kijiko, akauweka wa pili chini yake. Elyor hakungoja ufike. Aliinama mpaka karibu apige goti, akafungua mdomo chini ya vidole vile. Punje nyingi zilimwagikia shati na kidevu. Chache zilifika ulimini, kavu, za moto, hazina ladha yoyote ila moshi. Alizitafuna huku macho yakimlowa, wala hakuyafuta.

"Jumatatu unasaini?"

Alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa.

"Basi kula," Mzee Hoshim akasema, akaurudisha mkono ndani ya sufuria.