Sahihi ya Specioza Malale

Katika darasa langu la watu wazima, Mama Specioza ndiye aliyekuwa mzito wa kujifunza kuliko wote. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mikono yake ilizoea mizinga ya nyuki, si kalamu. Alinivunjia penseli nyingi. Lakini hakukosa kipindi hata kimoja, na mwezi wa saba mwaka 2023 aliandika jina lake lote bila kuangalizia. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu Yotham, huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Miezi saba baadaye tuliitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Magari mawili yaliyotapakaa tope la barabara ya Inyonga yalikuwa yameegeshwa uwanja wa shule. Mwenyekiti wetu, Ezekia, akamtambulisha Bwana Gervais, mwakilishi wa kampuni ya kigeni iliyotaka hekta elfu nne za msitu wetu kwa miaka tisini na tisa, ipande miti ya mbao. Ofisa ardhi wa wilaya naye alikuwepo.

"Leo tumekuja kuweka vigingi vya mpaka tu," Gervais alisema. "Kijiji kilishakubali tangu Machi 2022. Muhtasari wa mkutano aliouandika mwenyekiti wenu upo, na sahihi zenu zipo. Tutawajengea zahanati. Msitu wenyewe umekaa bure."

Watu wakatazamana. Machibya, mfugaji ambaye kila masika hugombana na wakulima, akasimama. "Umekaa bure? Asali mnayokula huko mjini mnafikiri inaokotwa barabarani? Na ng'ombe wangu wanakunywa wapi?"

Ezekia akamwambia akae. Hapo Mama Specioza akanyoosha mkono.

"Naomba tusomewe hayo majina."

Ofisa ardhi akaanza kusoma. Alipofika "Specioza Malale, amesaini," mama akaenda mpaka mezani, akainama juu ya karatasi.

"Sahihi nzuri hii," alisema. "Imenyooka kuliko yangu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mwaka huo sikujua hata herufi moja. Nilikuwa naweka dole gumba. Mwalimu yupo, aseme."

Nikasimama, nikasema ni kweli, jina lake aliliandika mara ya kwanza mwaka 2023. Nilisema bila kumtazama Ezekia, maana ni shemeji yangu.

Mama Specioza akaomba kalamu. Aliandika taratibu, ulimi umetoka kidogo, herufi kubwa zilizoinama. Akamsogezea ofisa.

"Specioza ni mimi hapa. Huyo mwenzangu wa mwaka 2022, mleteni tumwone."

Machibya akauliza kama na yeye yumo. Alikuwemo. "Machi ile yote nilikuwa Majimoto na mifugo!" Watu wakapanga foleni mezani, kila mmoja akitafuta jina lake, na kila mmoja akirudi amekasirika zaidi.

"Ni makosa ya karani," Gervais alisema. "Yanarekebishika. Pigeni kura sasa hivi, tumalize."

"Tupige," akajibu Mama Specioza.

Ofisa akauliza nani anakubali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza nani anakataa, na mikono ikainuka, ya wafugaji na ya wakulima, ya kina mama wenye watoto mgongoni. Nimefundisha miaka thelathini, sijawahi kuona mikono mingi hivyo. Ezekia alikuwa akitazama viatu vyake. Ofisa akafunga faili, akasema vigingi havitawekwa.

Ezekia alijiuzulu kabla ya Pasaka. Barua ya wilaya kwamba maombi ya kampuni yamekataliwa ilifika mwishoni mwa mwezi wa sita, nusu ya kijiji ikiwa msituni inarina asali. Machibya ndiye aliyetuletea habari, akipiga honi ya pikipiki njia nzima. Vigelegele vikapigwa. Mama Specioza akaweka chini mwenge wake wa moshi, akakata sega kubwa lenye asali nyeusi, akampa Machibya wa kwanza.

"Kula, baba," alisema. "Hii ni ya kwetu."