Maji ya Maharagwe

Rangi iligoma. Kafiya, wa kidato cha tatu, alisimama uwanjani na chupa mkononi, jua la saa sita likimchoma utosini, na zambarau iliyotakiwa kupauka juani na kurudi kivulini ilikuwa ileile ya asubuhi. Kesho yake walikuwa waende Kitengela kwa kongamano la sayansi.

"Ni chupa," alisema Mwalimu Okoth. "Mama Lorine, uliosha na nini?"

Nakhumicha, ndiye Mama Lorine, aliyekuwa ameosha vyombo vya maabara ya shule hiyo ya Kajiado miaka minane na bado ni kibarua, alijifuta mikono kwenye aproni. "Na maji, mwalimu. Halafu nikasuuza na ile spiriti ulinipatia."

Okoth hakumsikiliza. Mfukoni mwake ilichungulia barua ya kumwomba mwalimu mkuu aajiri mtu aliyesomea kazi hiyo, na kibarua aliyepo aachishwe. Asubuhi alikuwa amemtuma Nakhumicha mwenyewe kuichukua kwa karani aliyeipiga chapa, bila bahasha. Watu husahau kwamba mwosha chupa naye anajua kusoma. Nakhumicha aliisoma njiani. Iliuma, na bado ilikuwa ikimuuma.

Chupa hazikuwa na hatia. Stima ilikuwa ya mgao mwaka huo wa elfu mbili, mtambo wa kusafishia maji haukuchemka, maji safi yakakosekana, na Okoth akayeyusha rangi kwenye spiriti kwa sababu iling'aa vizuri. Nakhumicha alijua hilo halifai. Masalio ya rangi iliyoyeyushwa kwa maji, yakiachwa dirishani, hupauka juani, ya spiriti hubaki zambarau hadi jioni. Angeweza kumwacha Okoth ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe, na haki yake ingekuwa hiyo. Lakini Kafiya alikuwa ameanza kulia.

Nakhumicha alienda kwa chumba chake nyuma ya jikoni, akarudi na mtungi.

"Si chupa, mwalimu. Ni spiriti. Jaribu na hii."

"Maji gani?"

"Ya mvua. Niko nayo tangu Aprili, ya kupika maharagwe. Ile ya kisima iko na chumvi, haiivishi."

Okoth alicheka kidogo. Akamimina maji kwenye bika, glasi ya maabara, akatia rangi, chumvi ya chuma, matone machache ya asidi. Zambarau ilianza kupauka pembeni, kisha yote ikayeyuka machoni pao, yakabaki maji matupu. Kafiya alipiga kelele, akajiziba mdomo.

"Jua linasukuma elektroni kutoka kwa chuma kwenda kwa rangi," Okoth alisema polepole, kama anayejifundisha mwenyewe. "Lakini maji ndiyo hushika kila upande, usimrudie mwenzake haraka. Spiriti haina hiyo nguvu." Akamgeukia Nakhumicha. "Umejua hii tangu lini?"

"Tangu tisini na tatu."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza, mwalimu."

"Irudishe sasa!" Kafiya alisihi. "Inataka kivuli!"

Okoth alitazama huku na huku. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, hapakuwa na mti wala ubao. Akatia mkono mfukoni, akaitoa ile barua, na hapo akaona macho ya Nakhumicha yalivyoitambua. Alisita. Kisha akaikunjua na kuishika juu ya bika.

Nakhumicha aliinama kutazama. Chini ya karatasi, kutoka kitakoni mwa bika, zambarau ilikuwa ikirudi.