Kidole Begani

Pale Malindi, kijiji cha milimani juu ya Lushoto, waliojua dansi walikuwa wachache, na waliojua kungoja walikuwa wawili tu: Rubeni na mkewe Secilia. Wengine santuri ikilia tu walikurupuka na pigo la kwanza, kama kuku waliomwagiwa mahindi. Rubeni alikuwa amejifunza dansi ya chacha Tanga, enzi za mkoloni, akipakua mizigo bandarini. Aliporudi akaoa, akamfundisha mkewe kwamba pigo la kwanza mtu anauamkia muziki.

"Ukimpa mkubwa shikamoo, unaondoka hajaitikia? Simama. Akisema marahaba, ndipo utie mguu."

Secilia alicheka mpaka kanga ikamvuka, lakini mguu ulishika somo, na haukuliacha tena.

Chacha hailishi watoto. Rubeni akaingia kiwanda cha mbao, akasimama kando ya msumeno mkubwa miaka kumi na miwili. Jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akaoga, kisha mume na mke wakategeana vitendawili huku chakula kikiiva.

Jioni moja Rubeni alikuwa amekaa akitazama mlango, anatia jembe mpini. Secilia, nyuma yake jikoni, akasema, "Kitendawili."

Kimya. Akarudia, mara hii kwa nguvu. Kimya vilevile. Tangu aolewe hajapata kusema neno lile lisijibiwe. Akaacha mwiko chunguni, akazunguka, akasimama mbele ya mumewe na kulisema mara ya tatu.

"Tega basi, mama Mika. Mbona umenikodolea macho?"

Kitendawili alichokuwa nacho kilikuwa kimemtoka kichwani. Akasema kilichokuja: nyumba yangu haina mlango. Rubeni akamcheka, akasema hilo ni yai, hata Mika amekwisha kulichoka.

Kuanzia hapo Secilia aliona mengi. Rubeni alibadilisha sindano ya gramafoni mara tatu kwa wiki moja, akilalamika kwamba ukungu wa Malindi umeitia mafua. Mkewe hakubisha. Sikukuu ya Uhuru ilikuwa karibu, ya mwaka wa sabini, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesema Rubeni na mkewe ndio watakaofungua dansi. Suruali ilikuwa imepigwa pasi siku tatu kabla, inaning'inia ukutani kama mgeni. Secilia aliomba jambo moja tu: siku hiyo ipite, asiwepo wa kumcheka mumewe. Ya masikio wangekuja kuyazungumza baadaye, wawili tu.

Sikukuu ikafika, mvua inanyesha. Baada ya hotuba madawati ya shule yakasogezwa ukutani. Gramafoni ya Rubeni ikawekwa mezani, na jirani yao Athumani akapewa kazi ya kuizungusha mpini isije ikalegea.

"Mzee Rubeni," Athumani akatania, "leo tunataka kuona kama magoti yako bado ni ya serikali ya zamani."

Watu wakacheka. Rubeni naye akacheka, lakini baada yao, alipokwisha kuziona nyuso zao. Secilia akamshika mkono haraka, akampeleka katikati.

Santuri ikaanza. Secilia akaweka mkono begani kwa mumewe, na kila lilipokuja pigo la pili alimbonyeza kwa kidole kimoja, kidogo tu, kama mtu anayejaribu embe. Rubeni akaingia sawasawa. Akazunguka, akarudi, akamwachia mkono na kuudaka tena. Watu waliojiunga wakaanza kusogea pembeni ili watazame. Hata mwenyekiti alisimama. Secilia akajiambia, imepita.

Athumani naye alikuwa anatazama. Alitazama mpaka akasahau mpini.

Sauti ikaanza kushuka. Mwimbaji akawa mzito, kama aliyekula akashiba, ngoma zikaachana. Wachezaji wengine wakaburura miguu kuifuata, wakicheka, kisha wakasimama. Secilia alisikia yote. Angeweza kuinua kidole, Rubeni angesimama na wenzake. Lakini angesimama akiuliza kuna nini, mbele ya kijiji kizima. Kidole kikaendelea kubonyeza, kwa mwendo uleule, na Rubeni akaufuata bila kukosa. Santuri ikanyamaza kabisa. Ikabaki mvua juu ya bati, na viatu vya watu wawili vikicheza chacha iliyo sahihi kuliko zote walizowahi kucheza.

Hakuna aliyecheka. Athumani alishika mpini asiuzungushe, akaogopa kuharibu. Mwanamke mmoja dirishani akajifunika mdomo kwa kanga.

Rubeni alipozunguka mara ya mwisho aliiona miguu ya watu wote ukutani, imesimama. Akaitazama santuri, nayo imesimama. Akashusha mikono taratibu.

"Imekwisha lini?" akauliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua.

"Sasa hivi, baba Mika," Secilia akasema, akiielekeza midomo yake usoni kwake. "Sasa hivi tu."

Rubeni akaligusa bega lake mwenyewe, pale kidole kilipokuwa. Akasema, "Ahsante."

Miaka yote waliyocheza hakuwahi kumshukuru kwa dansi. Secilia akafunga kanga yake vizuri, akaenda kuichukua santuri.