Koti la Mjomba

Mwalimu Rogers alinikera tangu alipotoa kile kijitabu mfukoni. Siku hizi za ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mwenye mashine anachapa maswali na majibu, yanauzwa stendi kando ya karanga, na mwalimu mzima anayabeba kama Biblia.

"Imeandikwa hapa," alisema mbele ya wanafunzi, katikati ya mazoezi ya tamthilia. "Mjomba ni mnyonyaji. Basi."

Nani kamwambia? Tamthilia ile nimeifundisha hapa Mafiga miaka kumi na miwili. Mwanamume anakufa, siku ya tatu mjomba wake anafika, anarudisha shamba la marehemu kwenye ukoo, kisha anavua koti na kumpa mjane. Hasemi neno. Pazia linafungwa. Mwandishi hakutuambia kama koti lile ni huruma au dhihaka.

"Kwenu Moshi shamba ni la baba," nilimwambia. "Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mjomba haibi, analinda! Bila wajomba, matajiri wa Dar wangeshanunua milima yote hii, mpaka mawe."

"Na mjane aende wapi, Mwalimu Athanas?"

"Kwao! Hana kwao?"

Nikavua koti langu mwenyewe, nikapanda jukwaani kuwaonyesha Mjomba anavyoigizwa na mtu anayemjua. Aliyeigiza mjane alikuwa Jesca, binti yangu wa kidato cha tatu. Nikamnyooshea koti taratibu.

"Pokea kwa mikono miwili. Unapewa heshima."

Jesca aliliacha likaanguka.

"Okota!"

"Baba," alisema, wala hakupaza sauti, "siku Babu Alois akija kwetu na koti lake, mama naye alipokee kwa mikono miwili?"

Babu Alois ni mjomba wangu. Nyumba yetu ya Kigurunyembe iko kwenye ardhi ya ukoo wake. Mke wangu ni Mbena wa Njombe. Kwao mashamba walishagawana kaka zake. Migomba yote pale nyumbani kaipanda yeye. Watoto wetu si wa ukoo wa mama yangu, hawana ardhi kwangu, na kwa mama yao hawana.

Rogers alifunga kijitabu chake polepole, kama mtu asiyekihitaji tena. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Nimesema okota!" nilifoka.

Hakuokota. Alikuwa bado anangoja jibu, na darasa zima nalo.