Mkate wa Nabor

Mwaka huu ni mimi niliyemuua kaka yangu Nabor. Nilishusha picha yake ukutani nikaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani tunayowaandalia wafu wetu kila sikukuu yao, kando ya picha ya baba, nikamwashia mshumaa, nikampangia maua ya manjano na mkate wake wa sukari. Miaka kumi na tisa tangu aende Kaskazini, kumi na minne bila hata salamu! Nilichoka kumngoja. Kila mwaka mama alikuwa anakataa, safari hii nikamshinda kwa kelele.

"Utakuja kujuta, Obdulia," aliniambia.

Kesho yake wageni wakajaa mjini kwetu Santa Clara kama kawaida yao. Wanakuja kushangaa shaba, wanapiga picha hadi paa la shaba la kibanda cha bendi pale uwanjani, wanauliza bei, wanaondoka. Mmoja akaingia karakanani kwetu, mwanamke wa makamo. Akasimama katikati akiangalia masufuria na mitungi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Jamani! Vyote hivi mmevifua kwa mikono?"

"Hapana, kwa miguu," nikamjibu.

Mama, aliyekaa penye mivukuto, akacheka. Macho yake hayaoni tena, ila masikio hayajambo.

Mgeni hakukasirika. Akatoa jagi la shaba kikapuni. "Nataka la pili linalofanana na hili. Nimeambiwa mafundi wa kazi hii kwao ni hapa."

"Lete huku," mama akasema.

Mama kavukuta moto wa karakana hii miaka arobaini, na alama za nyundo ya kila fundi wa mtaani anazijua kwa kupapasa. Vidole vyake vikatembea tumboni mwa jagi polepole, vikapanda shingoni, vikafika chini ya mdomo. Vikasimama. Vikarudi tena palepale. Uso ukambadilika.

"Fundi huyu ni wa mashoto," akasema. "Na hapa kagonga mara tatu bure. Nimemgombeza tangu ana miaka tisa, acha hivyo vigongo vyako vitatu, Nabor, unaharibu mdomo!"

Nikagusa mwenyewe. Vitatu, vidogo, vimefuatana. Mungu wangu! Nilikuwa kama nimeshika mkono wa kaka yangu.

"Labda ni la zamani," nikasema, maana niliogopa kuamini.

"La zamani wapi!" mgeni akaruka. "Kanifulia mwezi wa nne mwaka huu, Tijuana, kule Kaskazini mpakani, nyuma ya soko la matairi. Mtu mwenye mvi, haongei sana. Nilikaa palepale namtazama."

"Mwezi wa nne ni mbali, dada," nikasema. " Mtu hufa siku moja tu."

Mama akainuka. "Lete mikate ya madhabahuni. Wa baba yako, na wa Nabor."

Sikuuliza kwa nini. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba marehemu akishakuja kula, chakula kinabaki na sura tu, utamu kaondoka nao. Nikamega mkate wa baba. Ilikuwa kama kutafuna karatasi. Nikampa mgeni naye aonje, akaacha kutafuna, akanitumbulia macho.

Nikamega wa Nabor. Sukari, siagi, ganda la chungwa, vyote vikanijaa mdomoni. Nililia kwa sauti mbele ya mgeni wa watu, wala sikuona haya.

"Haujaguswa," nikasema. "Mama, haujaguswa!"

"Nilikwambia nini, mkaidi wewe?" Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. "Kaitoe picha ya mwanangu pale kwa wafu. Na huo mkate usiumalize. Tunampelekea mwenyewe."