Kiganja kwenye Shuka ya Misa

Kila Jumatatu, akishakamua ng'ombe, Nábla alishuka kijitoni kufua shuka moja tu. Ndiyo waliyoitundika mbele ya mwamba kule bondeni, padri akisomea misa nyuma yake, ili askari wakiuliza, kila mtu aape bila dhambi kwamba hakumwona. Sheria ya Waingereza, waliotawala nchi ile, ilikataza misa ya Kikatoliki. Padri alikuwa Fiachra, kaka yake Nábla. Kichwa chake sasa kiko juu ya lango la mji, na atakayekishusha atanyongwa.

Kuna mtu aliifunua shuka akachungulia, kisha akaenda kuapa kwa askari kwamba amemwona. Kesho yake shuka ikatoa alama ya kiganja, nyeusi kama masizi, vidole vinne. Kijiji kizima kilimjua mwenye vidole vinne: Donncha, ndugu wa marehemu mume wa Nábla, aliyekwisha hamia shamba jipya alilozawadiwa. Hakuna aliyeshangaa. Majirani waliuliza tu kama amejaribu kuitoa kwa majivu.

Alijaribu, wapi! Akachukua gongo la kufulia, akaitwanga alama ile. Jioni wakaja kumwambia kwamba asubuhi ileile Donncha alidondosha bakuli la maziwa, mkono umemvimba. Nábla alilala usingizi mtamu, wa kwanza tangu msiba.

Jumatatu ya tisa Donncha akaja mwenyewe kijitoni, mkono umefungwa matambara.

"Shemeji, unaniua."

"Mimi nafua."

"Basi fua wiki moja, uruke moja! Hata kijiko sishiki."

"Fiachra anashika nini?"

"Chukua shamba. Chukua na ng'ombe."

"Nipe kichwa cha kaka yangu nikizike."

Donncha aliitazama njia ya mjini. "Hilo siwezi."

"Haya, sogea, utarowa."

Nábla alimchukia, wala hakuficha.

Majira ya kuchipua alikuja padri mpya, akasoma misa nyuma ya shuka ileile. Donncha alipiga magoti mbele kabisa, nani wa kumfukuza, wakati anaweza kuapa tena? Baada ya misa padri alimsihi Nábla asamehe.

"Nitamsamehe, Baba, alama ikitoka."

Padri akaona ni maneno ya haki, akambariki.

Jumatatu iliyofuata kichwa kilikuwa bado langoni. Nábla alikamua ng'ombe, akashuka kijitoni na gongo lake. Majivu aliyaacha nyumbani.